Mchezaji Asijisahau: Mwongozo kwa Mtengeneza Gemu

Hongera. Umepata wafadhili, umeajiri wachoraji, umekodi studio yenye kamera za kunasa miondoko ya mwili, na mwigizaji mwenye jina kubwa amekubali kuvaa lile vazi la kubana lenye vidoti. Gemu yako inatoka mwakani, au mwaka utakaofuata, au ule mwingine. Limebaki jambo moja tu la kukukinga nalo, janga lililowakuta wenzako wengi wakiwa hawana hili wala lile: mchezaji kusahau kwamba yeye ni yeye, akajiona ndiye mhusika.

Dalili zake zinajulikana. Pita jioni kwenye banda lolote la gemu, pale penye televisheni nne zilizopangwa ukutani na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Mtazame kijana aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Gari la kwenye skrini likikata kona kushoto, naye anaegemea kushoto mpaka bega linamsukuma jirani. Polisi wakimzidi anapiga ukelele, "Nakufa! Nakufa jamani!" ilhali yuko mzima wa afya na soda yake haijafika nusu. Mwenye banda anamwambia muda umekwisha; hasikii. Mama yake anapiga simu; hasikii. Mdogo wake amesimama nyuma yake tangu alasiri akisubiri zamu, na huyo ndiyo kabisa, hayumo duniani.

Mtu wa namna hii hana faida kwako. Haoni jinsi ulivyochora mawingu. Hazihesabu ndevu ulizozilipia moja moja. Fuata basi maelekezo haya, na kila atakayeshika padi atabaki na akili zake timamu, akijua muda wote kwamba amekaa sebuleni na kesho ana kazi.

Anza na uso, na ikiwezekana uishie hapo hapo. Bajeti yote ipeleke kwenye vinyweleo, mishipa ya shingo na unyevu wa macho. Usije ukafanya kosa la mtengeneza gemu Shigeru Miyamoto. Mwaka 1981, alipomchora yule mwanamume wa Donkey Kong ambaye baadaye aliitwa Mario, pikseli alizokuwa nazo hazikutosha hata kwa mdomo, akaweka masharubu. Nywele zilimsumbua kuzichora, akamvika kofia. Ukabaki uso wa pua na masharubu, na dunia nzima ikaingia humo bila kubisha hodi. Mwaka 1996, kwenye Super Mario 64, akalirudia kosa lile lile kwa ukubwa zaidi: kabla hatua za gemu hazijajengwa, timu yake ilihangaika kwanza na namna Mario anavyokimbia, anavyogeuka na anavyoruka, wakimjaribu katika eneo dogo huku akifukuza sungura. Walitaka kumkimbiza tu kuwe na raha, hata pasipo na kazi ya kufanya. Ndiyo maana wapo waliofungua gemu ile wakamzungusha Mario kwenye bustani ya nje, wakapanda miti na kupiga sarakasi, bila haraka yoyote ya kuingia kwenye kasri. Uso hawakuutazama; wengi wao muda wote walikuwa wanaona mgongo.

Ukimaliza uso, shughulikia kidole gumba. Huu ndio mlango wenyewe, kwa hiyo ufunge na komeo. Jambo likitokea ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde tangu kitufe kibonyezwe, akili ya binadamu inalihesabu kuwa kitendo chake. Likichelewa zaidi ya hapo, inaanza kuhisi kwamba imetuma maombi na inasubiri majibu. Wewe lenga maombi. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde inakupa picha sita tu kabla hujaanza kuchelewa. Ziache zipite kwa ustaarabu. Mchezaji akibonyeza kuruka, shujaa kwanza avute pumzi, akunje goti, atazame mbali, ndipo aruke. Mwigizaji wako atafurahi sana, maana kila alichokifanya studio kitaonekana chote.

Na usiwaige wale wa Celeste ya 2018. Humo kuna msichana aitwaye Madeline anayepanda mlima, na gemu yenyewe ni ngumu, haina huruma. Lakini mchezaji akichelewa kidogo, akabonyeza kuruka wakati miguu ya Madeline imeshaacha ukingo, gemu inajifanya haikuona na kumruhusu aruke. Akiwahi, akabonyeza kabla hajatua, gemu inaiweka amri ile kiporo na kuitekeleza pindi anapogusa chini. Mchezaji hajui kama amebebwa; anachojua ni kwamba leo ana vidole vya ajabu. Huo ni udanganyifu, nawe ni mtu mkweli. Aliyekosea picha moja aanguke, afe, aanze upya, akumbuke ameshika plastiki.

Ipo kesi moja inayovuruga kanuni hii, na lazima nikuonye nayo. Kwenye Shadow of the Colossus ya 2005, mtengenezaji wake, Fumito Ueda, alimpa kijana aitwaye Wander farasi, Agro, ambaye hageuki papo hapo unapomwambia. Ana akili yake. Akiona korongo anasita mwenyewe. Wander naye si shujaa wa mazoezi: anajikwaa, anayumba, upanga unamzidi. Kwa hesabu ya kidole gumba, mchezaji alipaswa kukata tamaa. Badala yake alihisi kabisa kwamba amepanda mnyama mwenye mapafu, na kwamba yeye mwenyewe ni mtoto aliyejitwisha jambo zito. Kuchelewa kule kulikuwa na mwenyewe. Kulikuwa ni kwa farasi. Kwa hiyo ukichelewesha, hakikisha ucheleweshaji wako hauna mwili wowote wa kuusingizia.

Tukishagusa mwili, hapa nitakaa kidogo, kwani ndipo watengeneza gemu wa Rockstar walipofanya uharibifu mkubwa mwaka 2004, na mabanda yetu hayajapona mpaka leo.

Grand Theft Auto: San Andreas inamhusu Carl Johnson, CJ, anayerudi Los Santos mwaka 1992 baada ya mama yake kuuawa. Kabla yake, kwenye Vice City ya 2002, tulimwendesha Tommy Vercetti, mtu wa kuogopwa, mwenye majumba na maboti, ambaye akitumbukia majini alikufa papo hapo. Tommy aliuvaa mwili tu. CJ alikuwa nao. Akila burga mfululizo, tumbo linatoka. Akizidisha anatapika pale pale dukani mbele za watu. Akinenepa anakimbia kwa taabu, na wapita njia wanamsema. Akienda jimu misuli inajaa, na huko jimu hutazami video ya mtu akinyanyua vyuma, unabonyeza kitufe mfululizo mpaka kidole kinauma wewe. Akishinda bila kula, mafuta yanayeyuka, kisha misuli nayo inafuata. Pikipiki anaimudu kadiri anavyoipanda. Akiwa bado mgeni, kakitu kadogo kanamrusha barabarani.

Matokeo yake banda moja likawa na kina CJ wengi. Kila mmoja aliishi kwenye memori kadi ya megabaiti 8, ambayo mwenyewe aliichomeka akifika na kuichomoa akiondoka, akaitia mfukoni pamoja na ufunguo na nauli. Wa huyu kitambi, kifua wazi, kaptura. Wa yule amejaa misuli mpaka shingo imepotea, amesuka nywele. Ukimwambia mtu kwamba CJ wake amenenepa, anakasirika. Anakueleza kwamba hajapata nafasi ya jimu, alikuwa na misheni nyingi, mle njiani kuna kuku tu. Sikiliza vizuri maelezo hayo: ni mtu anajitetea. Na ile misheni ya treni, unapoendesha pikipiki sambamba na mabehewa huku Big Smoke, aliyekaa nyuma yako na bunduki, anapiga hewa. Treni ikiponyoka, lawama zote anakutupia wewe. Nawajua watu wazima, wenye kazi na familia, ambao hawajamsamehe Big Smoke mpaka leo. Si kwa usaliti wake wa baadaye. Kwa treni.

Wewe usithubutu. Shujaa wako ale sinia zima na abaki na tumbo la mwanariadha. Apigwe risasi kumi na nne, ajibanze nyuma ya ukuta, skrini iwe nyekundu kidogo, kisha atoke amepona. Asichoke, asichafuke, asijifunze chochote kwa kukirudia. Rockstar wenyewe walijirudi: kwenye Grand Theft Auto V ya 2013 kitambi kilifutwa, na badala ya mhusika mmoja wakaweka watatu unaorukia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Lakini mazoea yana tabu, kwani mwaka 2018 wakaangukia pale pale na Red Dead Redemption 2. Arthur Morgan anaota ndevu usipomnyoa, anakonda usipomlisha, bunduki yake inaingia uchafu, na farasi wake anakuzoea taratibu kwa kupapaswa na kupigwa brashi. Kwa kuokota kila kopo kwa kuinama, Arthur amenifanya nipige miayo, sikatai. Ila mapema kwenye gemu anatumwa kudai deni kwa mkulima mgonjwa, na anampiga. Wewe ndiye unayebonyeza. Muda mrefu baadaye, Arthur anaanza kukohoa, na daktari anamtajia kifua kikuu. Huhitaji kukumbushwa, mkono unakumbuka wenyewe. Kama nimekuharibia simulizi, samahani, lakini gemu ni ya 2018, ulikuwa wapi?

Kinga ya bei nafuu kuliko zote tunayo wenyewe mabandani: ile karatasi iliyonakiliwa kwa kalamu ya wino, yenye mfuatano wa vitufe vya siri vya kuleta silaha, fedha, afya na kifaru cha kijeshi. Mwenye karatasi alilipua mji mzima, akacheka, akaita wenzake waje waone. Baada ya muda si mrefu alikuwa ameshampa mtu padi. CJ asiyeweza kufa alikosa mwenyewe.

Kuhusu sura, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kumnyima mchezaji nafasi yoyote ya kuchagua. Ya pili ni bora zaidi: mpe vipimo mia mbili vya kurekebisha upana wa pua na mteremko wa kidevu, mwache ahangaike saa nzima, kisha mfunike shujaa kofia ya chuma mpaka mwisho wa gemu. Kwenye nywele weka mitindo arobaini, na kwa mwenye nywele za kipilipili weka miwili: upara, na afro moja ya mviringo isiyotikiswa na upepo. Hili wenzako walilitekeleza kwa miaka mingi bila kusukumwa. (CJ, kwa taarifa yako, alikuwa na kinyozi, na kwa kinyozi kulikuwa na kusuka. Mwaka 2004.) Usidharau jambo hili ukadhani ni pambo. Mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson walichapisha majaribio waliyoyafanya Chuo Kikuu cha Stanford: watu waliopewa miili mirefu ya bandia katika ulimwengu wa kompyuta walishikilia msimamo zaidi kwenye kugawana fedha kuliko waliopewa mifupi, na waliopewa sura nzuri walimsogelea mwenzao kwa karibu zaidi. Mtu anavaa mwili wa kuchora na tabia inabadilika. Hatari tupu.

Sasa tuje kwenye dakika kubwa za simulizi: kifo, usaliti, msamaha. Kanuni ni rahisi. Dakika ikiwa kubwa, mnyang'anye mchezaji padi. Mwoneshe filamu. Amezunguka na shujaa saa thelathini, amemvusha mito na majangwa, ikifika siku ya kuamua mambo mwambie akae pembeni, wenye kazi yao wamefika. Mtengeneza gemu Hideo Kojima ni mwalimu wa pande zote mbili hapa. Kwenye Metal Gear Solid 4 ya 2008 alitufundisha kwamba mtu anaweza kuweka padi chini, akapika chai, akainywa, akaosha kikombe, na wahusika bado wanaongea. Mfuate kwa hilo. Usimfuate alivyofanya miaka minne kabla, kwenye Metal Gear Solid 3. Mhusika wake, Snake, anatumwa kumwua mwanamke aliyemfundisha kila anachokijua. Pambano linakwisha kwenye uwanja wa maua meupe, mwalimu amelala chini, bunduki iko mkononi, na filamu inaendelea ukidhani yatamalizwa bila wewe. Halafu mambo yanasimama. Hakuna maandishi ya kukuelekeza. Kimya. Unasubiri. Polepole unaelewa kwamba wanakusubiri wewe, na kwamba kitufe kinachotakiwa ni kile kile ulichokitumia gemu nzima kuua watu ambao hukujali majina yao. Kuna waliokaa hapo muda mrefu, vidole vimeganda.

Kama ni lazima uweke kitufe mahali pa majonzi, basi jifunze kwa Call of Duty: Advanced Warfare ya 2014. Mazishi ya mwanajeshi, jeneza mbele, na kwenye skrini maandishi yanakuelekeza ubonyeze F ili kutoa heshima zako. F hiyo haikuwa imebeba uzito wowote mkononi mwako. Watu waliangua kicheko, na mpaka leo ukiandika F peke yake chini ya habari mbaya, vijana wanakuelewa. Umeona tofauti? Vyote ni vitufe, vyote viko mbele ya kifo. Kimoja kilikuwa kimezoeleka na kidole kwa kazi nyingine, ndipo kikageuziwa maana. Cha pili kilikuwa agizo la tukio tu, likaondoka nalo. Wewe chagua cha pili.

Kitu kingine cha kuepuka ni Brothers: A Tale of Two Sons ya 2013, iliyoongozwa na Josef Fares, Mswidi mzaliwa wa Lebanon aliyetokea kwenye filamu. Ndugu wawili wanatafuta dawa ya baba yao. Upande wa kushoto wa padi ni wa kaka, wa kulia ni wa mdogo, mkono mmoja kwa kila mmoja, na mwanzoni unawagonganisha ukutani kwa kuchanganyikiwa. Mdogo anaogopa maji, kwa hiyo kila penye mto anapanda mgongoni kwa kaka na kaka anaogelea. Wanaongea lugha ya kubuni isiyoeleweka na mtu yeyote. Nyuso zao ni za kawaida, hata za kizamani. Kaka anakufa. Unaendelea na mkono mmoja, na ule wa kushoto umekaa tu juu ya padi hauna kazi. Kisha mto. Mdogo anasita ukingoni, hataki. Unajaribu upande wake wote, anakataa. Ukibonyeza upande wa kaka, anaingia majini. Sijui mwandishi gani wa riwaya angeweza kulisema hilo bila kuliharibu, na Fares hakulisema: alikuachia kidole cha kushoto kilifanye. Gemu nzima inaisha kwa jioni moja. Inatisha kuona jambo kubwa hivyo likifanyika bila bajeti ya vinyweleo.

Kwenye hadithi na vitendo, hakikisha havijuani. Shujaa wako katika filamu za katikati awe mcheshi, mpenda watu, mwenye mke anayemwaza, na mara filamu inapoisha apige risasi kijiji kizima njiani kuelekea kwenye hazina. Clint Hocking, mtengeneza gemu wa Kanada, alilipa tatizo hilo jina la kisomi mwaka 2007 alipokuwa akiichambua BioShock, na tangu hapo Nathan Drake wa Uncharted ndiye anayetajwa kwa mfano. Wenye Uncharted walijibu kwa namna ninayokupendekezea: kwenye ya nne, mwaka 2016, wakaweka tuzo yenye jina hilo hilo la tatizo, unayopewa ukishaua maadui 1,000. Ukikosolewa, geuza iwe kikombe.

Mdomo nao ni silaha. Half-Life ya 1998 ilimpa Gordon Freeman shahada ya udaktari wa fizikia, mtaimbo, na ukimya mtupu. Haongei kabisa, na kamera haitoki machoni pake hata wakati wa ile safari ndefu ya treni ya mwanzoni, kwa hiyo mawazo yote yaliyomo kichwani mwake inabidi uyalete wewe. Kosa kubwa. Wa kwako aongee. Aongee akipanda, akishuka, akifungua sanduku. Mchezaji akikutana na fumbo, apewe sekunde tatu, kisha shujaa au rafiki yake amtajie jibu, kama yule mtazamaji wa bao asiyecheza anayekunyoshea kidole shimo la kuanzia wakati kete bado ziko mkononi mwako. Horizon Forbidden West na God of War Ragnarök, zote za 2022, zililaumiwa kwa hilo, na zote ni za wenye fedha, kwa hiyo uko katika watu wa maana.

Skrini ijaze. Ramani kulia, malengo kushoto, mshale wa njano juu ya kila mlango. Dead Space ya 2008 iliondoa vyote hivyo na kuuweka uhai wa mhusika wake, Isaac, kwenye mstari unaong'aa juu ya uti wa mgongo wa vazi lake, ukawa hujui unatazama kipimo au unamtazama mtu. Tuendelee.

Chaguo. Mchezaji atakuomba chaguo, nawe mpe machaguo kwa wingi, mradi mwishoni yatofautiane kwa rangi. Mass Effect ilimfuata Kamanda Shepard kwa gemu tatu kuanzia 2007, mamia ya maamuzi yakihamishwa kutoka gemu hadi gemu, na ya tatu ikafunga mwaka 2012 kwa mlipuko ambao, kulingana na ulivyoamua, ulikuwa mwekundu, wa bluu au wa kijani. Mashabiki waliwaka mpaka watengenezaji wake, BioWare, wakatoa nyongeza ya bure ya kuurefusha mwisho ule. Wewe usitoe nyongeza.

Wala usifikirie kwamba chaguo dogo halina madhara. Lucas Pope alitengeneza Papers, Please mwaka 2013 karibu yote peke yake, kwa picha za kijivu zilizokosa hata haya. Wewe ni mkaguzi wa pasipoti mpakani mwa nchi ya kubuni, Arstotzka. Sura yako huioni kazini. Huna misuli, huna upanga, huruki. Una meza, mihuri miwili na kitabu cha kanuni zinazoongezeka kila asubuhi. Unalipwa kwa kichwa cha kila uliyemkagua, makosa mawili ya mwanzo ya siku ni onyo, kuanzia la tatu unakatwa mshahara. Jioni unapewa hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, joto, na mtoto anaumwa. Siku moja anapita mwanamume mwenye karatasi zote, anakuomba umhurumie mkewe aliye nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika. Hana kibali cha kuingia. Muhuri uko chini ya mkono wako, na unauvuta mwenyewe mpaka juu ya pasipoti.

Aliyewahi kusimama upande ule mwingine wa dirisha, Namanga au Tunduma, akijaribu kusoma uso wa afisa, anajua kwa nini gemu hii inakera. Baada ya siku tatu za Arstotzka unajikuta unawachukia watu wanaosahau tarehe. Unawaona wanakuchelewesha. Unamkatalia bibi mzee kwa sababu uzito wake hauendani na ulioandikwa, na unachokihisi ni nafuu, kwani hutakatwa. Hakuna aliyekuambia uwe mtu wa namna hiyo. Ulipewa kazi, mikono ikaizoea, moyo ukafuata nyuma. Pope angeweza kukuzuia kwa kitu kidogo tu, tuseme filamu ya dakika ishirini kuhusu utoto wa mkaguzi. Hakufanya hivyo, na wewe umeona hasara.

Yote yakishindwa, weka duka. Hakuna roho inayokaa ndani ya mhusika wakati bango linamkatiza kumwuzia kapelo ya dhahabu. Na ukiwa jasiri, mfungie shujaa mwenyewe kwenye kabati la kioo: Star Wars Battlefront II ya Electronic Arts ilipokaribia kutoka mwaka 2017, wachezaji walipiga hesabu wakakuta kumfungua Darth Vader kunahitaji takriban saa 40 za kucheza. Kelele zilizozuka ziliwafanya wapunguze bei ya mashujaa wakubwa kwa asilimia 75, kitendo cha woga ambacho sikutegemei kwako. Mtu hawezi kujisahau ndani ya mwili ambao bado anaulipia.

Nawe mchezaji uliyesoma barua isiyo yako: gemu mpya ikitangazwa, usiinunue kwa kutazama video ya matangazo. Ile imetengenezwa kwa ajili ya macho. Nenda kwa rafiki aliyetangulia kununua, au banda la jirani, lipia hata nusu saa, na ushike padi mwenyewe. Kimbia, geuka, ruka, anguka. Ukishafanya hivyo ndipo utoe hela.